Kabla hujapandisha toleo la GNOME: jinsi ya kuvuka na viendelezi vyako

Dada yangu ana duka la steshenari, na kompyuta ya dukani inatumia Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa na upau mmoja chini ya skrini wenye kila anachokihitaji: LibreOffice, kivinjari, programu ya kuskani. Siku nilipoipandisha kompyuta ile kutoka Ubuntu 22.04 hadi 24.04, kazi ilikwenda mpaka mwisho bila ujumbe wowote wa hitilafu. Kesho yake asubuhi akanipigia simu: "Kaka, programu zangu zimefutika." Hazikuwa zimefutika. Kilichotoweka ni ule upau, na ule upau haukuwa sehemu ya Ubuntu. Ulikuwa kiendelezi, yaani kijiprogramu cha kuongezea uwezo wa eneo-kazi, kiitwacho Dash to Panel, nilichomwekea mimi mwenyewe kisha nikakisahau. Wateja wamesimama mbele ya meza na yeye hajui aanzie wapi.

Kosa lilikuwa langu, na nusu saa ya maandalizi ingelizuia. Hatua zilizo hapa chini ndizo ninazozifuata tangu siku ile. Nimeziandika kwa ajili ya watumiaji wa GNOME, kwa kuwa ndilo eneo-kazi (mazingira ya skrini: madirisha, pau na menyu) linalokuja na Ubuntu, Fedora na Debian usipochagua jingine. Mwishoni nitagusa kidogo maeneo-kazi mengine, KDE Plasma na wenzake.

## Kwa nini viendelezi huvunjika

Usipoelewa sehemu hii utafuata amri kama kasuku, na siku mambo yakienda tofauti na nilivyoeleza utakwama. Kwa hiyo tuanze hapa.

GNOME Shell ndiyo programu inayochora upau wa juu, menyu ya mipangilio ya haraka, arifa na ule mwonekano wa madirisha yote unapobonyeza kitufe cha Super (kile chenye nembo ya Windows). Sehemu kubwa ya hivyo vinavyoonekana imeandikwa kwa lugha ya programu ya JavaScript. Kiendelezi nacho ni JavaScript, na GNOME Shell hukipakia ndani ya mchakato wake yenyewe. Hakiendeshwi pembeni kama programu ya kawaida. Kinaingia ndani, kinashika vitu vya ndani, na kikitaka kinabadilisha namna kazi fulani inavyofanyika.

Viendelezi vya kivinjari haviko hivyo. Firefox na Chrome zina orodha ya mambo ambayo kiendelezi kinaruhusiwa kuyaomba, na waundaji wa vivinjari hujitahidi orodha ile isibadilike ovyo. GNOME haina orodha ya namna hiyo. Ni kama fundi aliyeunga waya wake moja kwa moja kwenye nyaya zilizo ndani ya ukuta badala ya kupitia soketi. Taa inawaka, tena inawaka vizuri, na fundi anaweza kuiweka mahali ambapo soketi haipo. Lakini mwenye nyumba akija kubadilisha nyaya za ukutani, hana habari kwamba kuna mtu ameunga pale.

Na GNOME hubadilisha nyaya mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba. Mara nyingi mabadiliko ni madogo. Mara chache ni makubwa, na mawili yanafaa kukumbukwa. La kwanza ni GNOME 40, ya Machi 2021, iliyokuja moja kwa moja baada ya 3.38. Nafasi za kazi zilizokuwa zikipangwa juu na chini zikaanza kupangwa kushoto na kulia, mwonekano wa madirisha ukaandikwa upya, na madirisha ya mipangilio ya viendelezi yakahamia GTK 4, toleo jipya la zana za kuchorea madirisha na vitufe. La pili ni GNOME 45, ya Septemba 2023. Hiyo ilibadilisha namna yenyewe ya kuita msimbo wa GNOME Shell. Kabla yake, kiendelezi kiliandika hivi:

```
const Main = imports.ui.main;
```

Kuanzia 45 kinatakiwa kiandike hivi:

```
import * as Main from 'resource:///org/gnome/shell/ui/main.js';
```

Mstari wa kwanza haufanyi kazi kwenye 45, na wa pili haufanyi kazi kwenye 44. Maana yake ni kwamba faili moja haliwezi kuhudumia pande zote mbili; kila mwandishi wa kiendelezi ilimbidi atoe toleo jipya kwa ajili ya upande wa pili, na waliokuwa wamechoka au wamehamia shughuli nyingine hawakutoa. Kompyuta ya dada yangu ilitoka GNOME 42 ikaenda 46, ikaruka ukuta huo wote kwa siku moja.

## Anza kwa kujua namba

Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike:

```
gnome-shell --version
```

Namba ya kwanza ndiyo muhimu. Kutoka 46.0 kwenda 46.4 ni marekebisho ya hitilafu, na ni nadra kiendelezi kudhurika. Kutoka 46 kwenda 47 ndipo pa kuangalia.

Kisha ujue namba unayokwenda. Ubuntu 22.04 ina GNOME 42, 24.04 ina 46, 25.04 ina 48, na 25.10 ina 49. Debian 12 ina 43, Debian 13 ina 48. Fedora hufuata GNOME kwa ukaribu zaidi: Fedora 40 ilikuja na 46, 41 na 47, 42 na 48, 43 na 49.

Hapa kuna jambo linalowatia watu hofu bure. Ukiwa kwenye Ubuntu 24.04, `sudo apt upgrade` ya kila wiki haikuhamishi kutoka GNOME 46, na Debian ni hivyo hivyo. Namba hubadilika pale tu unapopandisha toleo zima la mfumo. Kwa hiyo usiache kusasisha mfumo kwa kuogopa viendelezi. Masasisho yale ndiyo yanayoziba mianya ya usalama. Wa kuwa macho kila siku ni mtumiaji wa Arch au openSUSE Tumbleweed, kwa sababu kule GNOME mpya huingia pamoja na masasisho ya kawaida, na unaweza kuamka ukakuta namba imeshabadilika.

## Andika ulicho nacho

```
gnome-extensions list --user --enabled > ~/viendelezi-vyangu.txt
```

Neno `--user` linaleta vile ulivyovisakinisha wewe, vinavyokaa kwenye `~/.local/share/gnome-shell/extensions/`. Ukiweka `--system` mahali pake utapata vile vilivyokuja na mfumo, vinavyokaa `/usr/share/gnome-shell/extensions/`. Vya pili visikusumbue sana: dock ya Ubuntu (ule upau wa aikoni za programu), kwa mfano, ambayo jina lake la ndani ni `ubuntu-dock@ubuntu.com`, hupandishwa pamoja na mfumo na watu walewale wanaoutengeneza. Wasiwasi wako uwe kwenye orodha ya kwanza.

Fungua faili hilo ulisome. Mimi nilipolifanya hili kwenye kompyuta yangu nilikuta viendelezi 14, na vitano kati yake sikukumbuka vinafanya nini. Nikavifuta palepale. Kiendelezi kisichokuwepo hakivunjiki.

## Hifadhi mipangilio

Upau wenyewe ukipotea utaurudisha kwa dakika mbili. Kinachouma ni saa nzima uliyotumia kuupanga: urefu wake, mahali pa saa, rangi. Mipangilio hiyo haikai ndani ya folda ya kiendelezi. Inakaa kwenye dconf, ghala ambamo GNOME hutunza mipangilio, na kuinakili ni mstari mmoja kwa kila faili:

```
dconf dump /org/gnome/shell/extensions/ > ~/mipangilio-viendelezi.ini
dconf dump /org/gnome/shell/ > ~/mipangilio-shell-yote.ini
```

Kama amri ya `dconf` haipo kwenye Ubuntu au Debian, sakinisha kifurushi `dconf-cli`. Faili la kwanza ni la kurudishia viendelezi. La pili ni pana zaidi. Lina pia orodha ya viendelezi vilivyowashwa na programu ulizozibandika kwenye dock. Hilo ninalitunza kwa ajili ya kulisoma, siyo kulirudisha lote kwa mkupuo.

Halafu nakili folda yenyewe:

```
tar czf ~/viendelezi.tar.gz -C ~/.local/share/gnome-shell extensions
```

Viweke vyote kwenye flashi. Baadhi ya viendelezi, hasa vinavyotunza historia ya ulivyonakili, huweka data yao kwenye `~/.cache` au `~/.config`, basi ukiwa na kimoja cha hivyo pekua huko pia.

## Uliza kila kiendelezi kama kinaijua namba mpya

Kila kiendelezi kina faili `metadata.json`, na ndani yake kuna mstari wa namna hii:

```
"shell-version": ["45", "46", "47"],
```

Hapo mwandishi anatangaza matoleo ya GNOME aliyoyakubali. GNOME Shell huusoma mstari huo kabla ya kitu kingine, na namba yake isipokuwemo, kiendelezi hakipakiwi. Ndicho kilichotokea dukani. Kompyuta haikuonyesha hitilafu kwa sababu hapakuwa na hitilafu: mfumo ulikiacha kwa makusudi kiendelezi kisichotangaza kwamba kinaijua 46.

Usiishie kwenye faili lililo kwenye kompyuta yako, maana linaweza kukupotosha. Ulilo nalo ni toleo lililochaguliwa kwa ajili ya GNOME yako ya sasa. Huenda mwandishi ameshatoa jingine kwa ajili ya namba mpya, nalo hulioni kwa kuwa halikuhusu bado. Nenda extensions.gnome.org, fungua ukurasa wa kiendelezi, uangalie orodha ya matoleo ya Shell. Namba unayokwenda ikiwemo, kimepona.

Kuna njia ya mkato. Programu iitwayo Extension Manager, inayopatikana Flathub (duka la mtandaoni la programu za Linux) na kwenye Ubuntu na Debian kwa jina la kifurushi `gnome-shell-extension-manager`, ina kipengele cha Upgrade Assistant kwenye menyu yake. Unachagua toleo la GNOME unalotaka kwenda, inakupitishia viendelezi vyako vyote na kukuambia kipi kinakubali na kipi hakikubali. Ukiwa na viendelezi vitatu angalia kwa mkono. Ukiwa na kumi tumia hiyo.

Kwa ambavyo havimo, fungua hazina ya msimbo wa kiendelezi, mara nyingi GitHub au GitLab, utazame tarehe ya badiliko la mwisho. Likiwa la mwezi uliopita, mwandishi yupo na huenda analifanyia kazi, subiri. Likiwa la mwaka 2022, tafuta mbadala sasa, ukiwa bado na kompyuta inayofanya kazi. Watumiaji wa viendelezi vilivyotelekezwa mara nyingi hutengeneza nakala na kuziendeleza kwa jina linalofanana, kwa hiyo tafuta hapohapo kwenye extensions.gnome.org.

Na kama kiendelezi unachokitegemea kwa riziki hakijawa tayari, usipande. Hakuna anayekukimbiza. Ubuntu 22.04 inaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi 2027. Dada yangu asingepungukiwa na chochote kama ningesubiri.

Ukiwa na bando la kutosha na flashi ya GB 8, unaweza kujaribu kabla ya kugusa diski. Pakua picha ya ISO ya toleo jipya (faili moja lenye mfumo mzima), iandike kwenye flashi, uwashe kompyuta kwa flashi hiyo na uchague kujaribu bila kusakinisha. Ndani yake unasakinisha viendelezi vyako na kuona kwa macho. ISO ya Ubuntu 24.04 inakaribia GB 6, ndiyo maana simwambii kila mtu afanye hivi. Kwa ofisi yenye kompyuta kumi zinazofanana, ningefanya bila kufikiri mara mbili.

## Zima, kisha pandisha

Kabla ya kuanza, zima viendelezi vyote kwa mpigo:

```
gsettings set org.gnome.shell disable-user-extensions true
```

Orodha yako haifutiki, inasimamishwa tu. Kwenye Ubuntu, dock na vingine vilivyo sehemu ya kikao chenyewe hubaki.

Toka, ingia tena, hakikisha eneo-kazi liko tupu na linafanya kazi. Kisha pandisha. Kwenye Ubuntu:

```
sudo apt update && sudo apt upgrade
sudo do-release-upgrade
```

Kwenye Fedora, kwa mfano ukienda 43:

```
sudo dnf upgrade --refresh
sudo dnf system-upgrade download --releasever=43
sudo dnf system-upgrade reboot
```

Upakuaji huzidi GB 1 kwa urahisi, basi nunua bando kwanza. Betri iwe imejaa na chaja iwe imechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, viendelezi vitakuwa shida yako ndogo kuliko zote. Fedora ina nafuu kidogo hapa: inapakua kwanza ukiwa unaendelea na kazi, na kusakinisha inafanya baada ya kuwasha upya.

## Washa kimoja kimoja

Umeingia kwenye toleo jipya, eneo-kazi liko tupu. Hapa subira inalipa. Ukirudisha vyote kwa mpigo na skrini ikaanza kugandaganda, hutajua wa kumlaumu.

Safisha orodha ya vilivyowashwa, kisha fungua mlango:

```
gsettings set org.gnome.shell enabled-extensions "[]"
gsettings set org.gnome.shell disable-user-extensions false
```

Usiogope, majina unayo kwenye `viendelezi-vyangu.txt`.

Sasa sasisha viendelezi vyenyewe. Vile vilivyotoka extensions.gnome.org hujisasisha: GNOME hupakua toleo jipya kimyakimya na kuliweka mahali pake utakapoingia tena. Kwa hiyo ukiwa na intaneti, ingia, subiri kidogo, toka, ingia tena. Ukiona kimya, tumia Extension Manager kusasisha, au pakua zipu ya toleo sahihi na kuisakinisha:

```
gnome-extensions install --force jina-la-faili.zip
```

Fungua terminali mbili. Ya kwanza iache ikisikiliza:

```
journalctl -f -o cat /usr/bin/gnome-shell
```

Kwenye ya pili washa kiendelezi cha kwanza:

```
gnome-extensions enable dash-to-panel@jderose9.github.com
```

Tumia kompyuta kwa dakika chache. Fungua madirisha, funga skrini na kuifungua, chomeka projekta au skrini ya pili kama huwa unatumia. Terminali ya kwanza ikibaki tulivu, nenda kinachofuata. Ikianza kumwaga mistari, umeshamjua mhusika.

Dukani kwa dada yangu, Dash to Panel ilikuwa na toleo la 46 tayari. Nilisasisha, nikatoka, nikaingia, upau ukarudi chini ukiwa na urefu uleule na aikoni kwa mpangilio uleule, kwa sababu dconf ilikuwa imetunza kila kitu. Kama mipangilio yako imepotea, irudishe:

```
dconf load /org/gnome/shell/extensions/ < ~/mipangilio-viendelezi.ini
```

Kiendelezi kikiwa kimeandikwa upya kabisa, baadhi ya funguo za zamani hazitakuwa na maana kwake, nacho kitazipuuza.

## Kinapokataa kuwaka

Uliza sababu:

```
gnome-extensions info jina@la-kiendelezi
```

Angalia neno lililo mbele ya State. Yapo mawili ya kuyatofautisha. OUT OF DATE maana yake hakijajaribiwa hata kidogo. Namba haimo kwenye `metadata.json`. ERROR maana yake kimejaribiwa kikaanguka.

Cha OUT OF DATE unaweza kukipa nafasi wewe mwenyewe, ila kwa masharti. Nitaeleza nilivyofanya mwaka 2024, nilipohama kutoka Fedora 39 kwenda 40, yaani GNOME 45 kwenda 46. Nilikuwa na kiendelezi kidogo kilichoandika tarehe kwa namna niipendayo kwenye upau wa juu, na mwandishi alikuwa kimya. Nikafungua `metadata.json` yake, nikaongeza "46":

```
"shell-version": ["45", "46"],
```

Nikatoka na kuingia. Hali ikabadilika kutoka OUT OF DATE kuwa ERROR, na kwenye kumbukumbu za mfumo ukatokea mstari huu:

```
TypeError: box.add_actor is not a function
```

Mstari mmoja, na umesema kila kitu. Kwenye GNOME 46 njia za `add_actor` na `remove_actor` ziliondolewa, na badala yake ni `add_child` na `remove_child`, ambazo zilikuwepo tangu zamani. Ndani ya folda ya kiendelezi nikaandika:

```
sed -i 's/add_actor/add_child/g; s/remove_actor/remove_child/g' extension.js
```

Nikatoka, nikaingia, tarehe ikarudi mahali pake. Sikuhitaji kuwa msanidi programu. Nilihitaji kusoma hitilafu neno kwa neno badala ya kuikimbia.

Masharti yake ni haya. Fanya hivi kwa kiendelezi kidogo tu, cha toleo moja nyuma. Usijaribu kuvusha kiendelezi cha 44 kwenda 45 au zaidi kwa kuongeza namba. Ule ukuta wa `import` hauvukiki kwa `metadata.json`, unahitaji msimbo uandikwe upya. Na usihangaike na viendelezi vinavyogusa upangaji wa madirisha au nafasi za kazi, maana vina mizizi mirefu ndani ya GNOME Shell na kimoja kinaweza kuangusha kikao kizima.

Utakutana na ushauri wa kuzima ukaguzi wa namba kwa mfumo mzima, kwa ufunguo wa `disable-extension-version-validation`. Mimi siukubali. Ukiuwasha ufunguo huo, kila kiendelezi cha zamani kitapakiwa bila kuulizwa, leo na katika kila toleo lijalo, na wewe utakuwa umeshasahau kwamba uliufungua.

## Skrini ikigoma kabisa

Kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha picha kwenye skrini uliochukua nafasi ya X11, GNOME Shell ndiyo inayosimamia madirisha yote. Ikianguka, kikao kinakwisha na kazi ambayo hukuihifadhi inaondoka nayo. Zamani kwenye X11 uliweza kubonyeza Alt+F2, kuandika `r` na kuiwasha upya ukiwa ndani; Wayland haina hilo. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kiendelezi unachokitilia shaka, hifadhi kazi yako.

Kwa kawaida GNOME hujiokoa. Ikianguka, huzima viendelezi vyote, na ukiingia tena utakuta eneo-kazi tupu lakini zima. Isipojiokoa, na kila ukiandika nenosiri unarudishwa palepale, bonyeza Ctrl+Alt+F3. Utapata skrini nyeusi ya maandishi. Ingia kwa jina na nenosiri lako, kisha:

```
cd ~/.local/share/gnome-shell
mv extensions extensions.zamani
sudo reboot
```

Hakuna kilichofutwa. Ukishaingia, rudisha folda moja moja kutoka `extensions.zamani`.

Kipimo kimoja kimeniokolea muda mwingi: skrini ya kuandikia nenosiri haipakii viendelezi vyako. Hiyo nayo ikigoma kuonekana, achana na viendelezi na uangalie dereva wa kadi ya picha, hasa kama ni NVIDIA.

## Ukitaka kupunguza usumbufu huu

Sakinisha kutoka kwenye hazina ya mfumo wako pale inapowezekana. Debian na Ubuntu zina vifurushi kama `gnome-shell-extension-dash-to-panel` na `gnome-shell-extension-appindicator`. Vinaweza kuwa vya zamani kidogo kuliko vilivyo mtandaoni, lakini vimewekwa kwa ajili ya GNOME iliyomo kwenye toleo hilo. Kwa kompyuta ya duka, ya shule au ya mzazi wako, ningechagua hivi kila mara. Ya dada yangu sasa iko hivyo.

Pia angalia kama bado unakihitaji. Watu wengi wanabeba kiendelezi cha kupiga picha ya skrini wakati GNOME 42 ilishaleta zana yake yenyewe, nzuri, kwa kitufe cha Print Screen. Wengine wana viendelezi vya kupanga menyu ya juu kulia vilivyoandikwa kabla ya GNOME 43 kuibadilisha menyu ile yote.

Kwa walio nje ya GNOME: KDE Plasma 6 ilitoka Februari 2024 ikihamia Qt 6, zana zake mpya za kujengea madirisha, na vijalizo vilivyoandikwa kwa Plasma 5 vilihitaji kurekebishwa na waandishi wake, basi mantiki ya kuuliza kabla ya kupanda ni ileile. Cinnamon ya Linux Mint hubadilika polepole zaidi. Xfce ndiyo tulivu kuliko zote, na kama huwezi kabisa kuvumilia mambo kuhamahama, ihamie.

## Mwambie mwandishi

Wengi wanaoandika viendelezi hivi ni watu wa kujitolea, jioni baada ya kazi. Wanachopata mara nyingi ni ujumbe wa "haifanyi kazi", nao hauwasaidii. Ukikuta kiendelezi kimevunjika, fungua hazina yake, tafuta kwanza kama kuna aliyekwisha kuripoti, na kama hayupo weka haya: namba ya GNOME, jina la mfumo wako na toleo lake, kama unatumia Wayland au X11, na mistari ya hitilafu yenyewe. Mistari unaipata hivi:

```
journalctl -b -o cat /usr/bin/gnome-shell | grep -i -A5 error
echo $XDG_SESSION_TYPE
```

Ile ya `add_actor` niliiripoti kwa sentensi tatu, nikabandika mstari wa hitilafu na badiliko nililolifanya. Baada ya wiki mbili hivi mwandishi alitoa toleo la 46 lenye badiliko lile, nami nikafuta nakala yangu niliyoichokonoa na kuweka ya kwake.